Je, wajua mahindi ya porini yalienda wapi?

Miaka mingi nilikuwa naamini kwamba zamani porini kulikuwa na mahindi madogo madogo, gunzi kama kidole hivi, wakulima wakawa wanachagua lililonenepa kila msimu mpaka tukafika hapa, na yale ya porini yakaisha. Sio kweli. Nilipata faraja kidogo nilipojua kwamba hata Paul Mangelsdorf, bingwa wa mahindi, aliamini kuna mahindi pori yaliyotoweka, akabishana miaka na miaka na mwanajenetiki George Beadle aliyekuwa anasema babu bado yuko hai, ni nyasi ya Meksiko inaitwa teosinti. Sasa teosinti ukiiona hutakubali kwamba ni ndugu: gunzi haina, punje ni kama 5 hadi 12 tu, kila moja imejifungia kwenye ganda gumu kama jiwe, halafu mmea wenyewe matawi kila upande.

Beadle, mzee mstaafu mwenye Nobel yake tayari, akachanganya mahindi na teosinti akapanda wajukuu karibu 50,000. Kama mmoja kati ya 500 akatoka mahindi kabisa, na kama mmoja kati ya 500 teosinti kabisa. Hapo ndipo utamu ulipo. Chukulia kila jeni (kipande cha DNA kinachobeba sifa ya kurithi) ni bahati nasibu: mjukuu hupata nakala mbili, na nafasi ya zote mbili kutoka upande wa mahindi ni 1 kati ya 4. Jeni mbili, 1 kati ya 16. Jeni nne, 1 kati ya 256, jeni tano, 1 kati ya 1,024. Na 500 imekaa katikati! Zingekuwa jeni ishirini angepanda mpaka afe asimwone hata mmoja. (Hizo nne tano ni za mambo makubwa ya umbo tu, zile ndogo ndogo ni nyingi mno.)

Mojawapo ya hizo kubwa ikaja kujulikana, inaitwa tb1, kazi yake kuzuia matawi. Kwenye mahindi kuna kipande cha DNA kimejichomeka mbali kidogo na hiyo jeni, kikaifanya ifanye kazi kwa nguvu zaidi, kama mtu kapandisha sauti ya redio bila kugusa stesheni. Na kipande chenyewe hakikutokea shambani, kilikuwemo kwenye baadhi ya teosinti zaidi ya miaka 10,000 kabla mtu yeyote hajaanza kulima mahindi.