Roboti inayojifunza kukwepa ukuta: kazi kubwa iko kwenye alama

Kanuni zilizoandikwa kwa mkono, kama "ukuta ukikaribia, pinda kulia", hukwama roboti inapoingia konani au inapokutana na kitambaa cheusi kisichorudisha miale ya vihisi vyake. Kwa algoriti za mageuko, yaani programu zinazoiga uteuzi wa asili kizazi baada ya kizazi, huandiki kanuni hizo. Unaandika namna ya kutoa alama, na programu inaitafuta tabia yenyewe.

Chukua roboti ya magurudumu mawili yenye vihisi 6 vya infraredi (miale isiyoonekana kwa macho). Kila kihisi kinaathiri mota zote mbili, kwa namba moja kwa kila mota, na kila mota ina thamani yake moja ya kudumu. Hizo ni namba 14, ndizo jeni. Tengeneza orodha 40 za namba za kubahatisha, jaribu kila moja kwa sekunde 40, uipe alama. Nne bora zipite zilivyo. Nyingine zizaliwe kwa kuchanganya wazazi waliofanya vizuri na kubadilisha namba chache kidogo tu. Rudia kwa vizazi 50.

Ukitoa alama kwa kasi ya magurudumu peke yake, utapata roboti inayozunguka papo hapo kama pia, na kwa kipimo chako imefaulu kabisa! Mwaka 1994 watafiti Dario Floreano na Francesco Mondada, wakitumia roboti ndogo ya Khepera, walizidisha vitu vitatu: kasi, kunyoosha njia na kuwa mbali na vizuizi. Kwa kuwa vinazidishwa, kimoja kikiwa sifuri alama yote ni sifuri. Tunashauri muanzie hapo.

Sasa piga hesabu: majaribio hayo ni sekunde 80,000, zaidi ya saa 22. Betri hushuka njiani, na orodha za mwisho huonekana dhaifu kumbe ni volti. Ndiyo maana wengi huanza na uigaji kwenye kompyuta. Lakini uigaji safi mno hudanganya. Mota mbili za duka moja pale Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, hazizunguki sawa kwa volti ileile, na jua la mchana likipenya dirishani, kihisi husoma ukuta usiokuwepo. Pima vihisi vyako halisi kila sentimita, mara 20 kila umbali, uone namba zinavyoyumba, kisha utie myumbo wa kiasi hichohicho kwenye uigaji. Ukiupunguza au kuuzidisha, tabia iliyopatikana haitahamia vizuri kwenye roboti.

Vizazi 5 vya mwisho fanyia kwenye roboti yenyewe, pazia zikiwa zimefungwa na betri ikichajiwa kila kizazi. Jaribu kila orodha kutoka sehemu tatu tofauti, uchukue alama ya chini kabisa, si wastani, ili bahati isipite. Na kila kizazi kihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya kingine kuanza, maana stima ikipotea katikati, kazi yote hupotea nayo.