Kesi imefutwa, lakini imefutwa na nani?

Wengi wetu tulioko Marekani tumeijua sheria ya dawa za kulevya kwa kusimuliwa: kinyozi kasema, shemeji kasema. Kinyozi wa Portland, jimboni Oregon, aliyesema mwaka 2021 kwamba hufungwi kwa dawa kidogo, hakukosea. Kuanzia Februari mwaka huo, aliyekutwa Oregon na dawa kidogo ya kutumia mwenyewe, hata heroini, alidaiwa faini ya dola 100, basi. Anayerudia maneno hayo leo anamponza mtu: tangu Septemba 1, 2024 kukutwa na dawa hizo kumerudi kuwa kosa la jinai.

“Bangi ni ruksa, kwa hiyo kesi yangu ya zamani imejifuta.” Hutegemea jimbo. Minnesota ilipohalalisha mwaka 2023 iliagiza rekodi za makosa madogo ya bangi zifutwe bila mtu kuomba. Kwingine ni lazima upeleke maombi mahakamani. Na Idaho bangi hiyohiyo bado ni jinai.

“Hakimu amefuta, uhamiaji hawana la kusema.” Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Jimbo hufuta kwa upande wake. Uhamiaji ni sheria ya shirikisho. Ukikiri kosa na hakimu akakupa adhabu au masharti, uhamiaji wanahesabu umetiwa hatiani, hata kama ulipelekwa kwenye programu ya masomo badala ya kifungo, ukahudhuria yote na jalada likafungwa. California iliuona mtego huo: tangu Januari 1, 2018, anayepelekwa kwenye programu ya aina hiyo anakana kosa, hakiri. Kosa moja tu la bangi isiyozidi gramu 30, ya kutumia mwenyewe, halikufanyi ufukuzwe. Ila ukienda nyumbani kusalimia, linaweza kukukwamisha uwanja wa ndege wakati wa kurudi.

“Nina grini kadi miaka mingi.” Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa nayo zaidi ya miaka 40 na alitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi kwenye lori. Wakili wake akamwambia asihofu, amekaa siku nyingi. Akakiri, akajikuta anakabiliwa na kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Kwa hiyo ukiambiwa “kiri tukupunguzie”, muulize wakili kuhusu uhamiaji kabla hujafungua mdomo.

Nakala ya mahakama yenye muhuri itunze hata rekodi ikishafutwa. Fomu ya uraia inauliza hadi kesi zilizofutwa.