Presha ya dizeli kwenye lori: yasemwayo gereji na yaliyo kweli

Malori ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni hupita Malindi yakielekea Mombasa na mzigo wa kutosha. Dereva akilalamika kwamba gari limekosa nguvu, jibu la kwanza la gereji ni lilelile: "Presha imeshuka." Presha ipi? Ya kutoka tangini hadi pampu kubwa (presha ya kulisha), au ya pampu kubwa hadi nozeli zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda? Ya kwanza ni bar (kipimo cha presha) chache tu. Ya pili ni mamia, na kwenye injini za siku hizi ni zaidi ya elfu moja. Wanaozichanganya ndio hao wanaouziana vipuri visivyohitajika.

Dhana: Kila injini ina presha yake, ukijua namba yatosha.

Pampu ndiyo yenye kuchagua, si injini. Tazama injini ya Cummins ya lita 5.9 iliyofungwa kwenye pikapu za Dodge Ram za Marekani. Iliyokuwa na pampu ya P7100 ilitaka kulishwa kwa PSI (kipimo kingine cha presha, kidogo kuliko bar) 25 hadi 35 hivi. Mwaka 1998 ikaingia pampu ya VP44 kwenye injini ya ukoo uleule, nayo ikaridhika na kama PSI 15, bora isishuke chini ya 10 gari likivuta. Mwaka 2003 ikaja komon reli, mfumo ambao nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa, na hesabu zote zikabadilika. Sasa kijana anaitoa namba ya VP44 kwenye simu na kutaka kuitumia kwenye lori la Isuzu la kubeba mchanga! Namba yako imo kwenye kitabu cha pampu iliyo mbele yako, basi.

Dhana: Ukiongeza presha ya kulisha, lori litavuta zaidi.

Halitavuta. Kiasi cha dizeli kinachoingia kwenye silinda hupimwa na pampu kubwa (kwenye komon reli, na kompyuta), na ziada hurudi tangini kwa mpira wa kurudishia. Pampu ikishashiba, kuisukumia zaidi ni kutafuta hasara. Kwenye pampu za kuzunguka, presha ikizidi inaweza kusukuma sili ya shafti, dizeli ikavujia kwenye oili ya injini. Ukiona oili inapanda kwenye kijiti cha kupimia badala ya kupungua, inuse. Wako pia wanaoubana mpira wa kurudishia ili geji ipande. Geji itapanda kweli, lakini dizeli hiyo inayozunguka ndiyo inayoipoza na kuilainisha pampu.

Kinachoumiza zaidi ni upungufu. Pampu yenye njaa huvuta hewa, vyuma vyake vinasagana, na bei ya kuitengeneza unaijua.

Dhana: Geji ikisoma vizuri gari likiwa limesimama, mfumo ni mzima.

Filta iliyoziba nusu hupitisha dizeli ya kutosha injini ikiunguruma tu palepale. Funga geji baada ya filta, kwenye mlango wa pampu kubwa, kisha toka na mzigo kamili, gia ya juu, mguu umekanyaga. Ikianguka hapo, umepata ulichokuwa ukikitafuta.

Dhana: Nozeli zikikazwa sana, dizeli hunyunyizwa vizuri zaidi.

Nozeli nyingi za injini za zamani zinazopiga dizeli moja kwa moja ndani ya silinda hufunguka karibu na bar 200. Ukizidisha, zinachelewa kufunguka na pampu inatumika zaidi. Zikilegea, zinadondosha matone na moshi mweusi unafuata. Kubwa ni zote zilingane, na hilo hupimwa kwenye mashine ya nozeli, si kwa sikio la fundi, awe hodari vipi.

Dhana: Komon reli ni dizeli ileile, fundi mzoefu ataizoea.

Hapa sina mzaha. Kwenye injini za zamani fundi hulegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja huku injini inanguruma, apate silinda iliyokufa. Kwenye komon reli usithubutu: presha huwa kama bar 300 gari likiwa halina kazi, na hupita 1,600 likivuta. Dizeli inayotoka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Jeraha huonekana kama umechomwa sindano, pengine haliumi sana mwanzoni, huku mafuta yameshasambaa ndani ya kidole. Huyo ni wa hospitali saa hiyohiyo, apasuliwe, la sivyo kidole au mkono unaweza kukatwa. Usitafute uvujaji kwa kiganja, tumia kipande cha kadibodi. Kabla ya kulegeza chochote, zima injini, ngoja presha ishuke. Wala hakuna skrubu ya kuongeza presha: kompyuta huagiza, sensa hujibu.

Dhana: Mafuta ya taa kidogo hayadhuru.

Ni mepesi na hayalainishi. Hupenya kwenye nafasi ndogo za pampu iliyochakaa, na injini ikishapata joto, ukiizima inakataa kuwaka tena. Serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuvunja biashara ya kuyachanganya na dizeli.

Filta mpya na presha bado inaanguka? Usinunue pampu kwanza. Angalia kichujio cha tangini, mipira iliyopasuka upande wa kuvuta na tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Kipande cha mpira angavu kabla ya pampu kitakuonyesha mapovu yakipita, na utajua hewa inaingilia nyuma ya hapo.