Rangi ndiyo kitu kichanga kuliko vyote mlangoni

Jumapili asubuhi, maduka yakiwa yamefungwa, utawakuta watu na simu zao Kisutu na Kariakoo, hapa Dar es Salaam, wakiwinda milango: ya bluu, ya kijani, ya njano kama embe bolibo. Nami ni mmoja wao. Maneno tunayopeana huko mtaani ni mengi, na baadhi niliyasambaza mwenyewe.

La kwanza ni kwamba rangi hiyo ndiyo asili ya mlango. Siyo. Mlango wa kuchonga wa pwani, wa msaji, mvule au mfenesi, kwa kawaida uliachwa na rangi ya mti wake. Rangi ya kopo ilikuja baadaye, mkono juu ya mkono, mpaka ua lililochongwa likabaki kama uvimbe. Ukiona pamebanduka, usipakimbie. Sogea, piga hapo hapo. Utaona bluu juu ya kijani, na chini yake mti.

La pili ni lile la tembo. Eti njumu za shaba, zile misumari mikubwa iliyochomoza mlangoni, ziliwekwa ili tembo asivunje mlango! Mtindo huo unahusishwa na India, ambako hadithi ya tembo ina mashiko. Unguja hakuna tembo, wala Dar hakuna aliyekuwa akimsubiri abishe hodi. Huku njumu zilikuwa pambo, na ishara kwamba mwenye nyumba anazo.

Linaloniudhi zaidi ni hili: “Nyumba zote za zamani hapa mjini ni za Mjerumani.” Nenda Boma la Kale, karibu na bandari. Lilijengwa miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa matumbawe na chokaa, na milango yake ni ya kuchonga kama ya Unguja. Wajerumani walikuja 1887, wakaufanya mji kuwa makao makuu yao 1891. Mwaka huo huo wakatunga kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba: pembeni mwa bahari za Kizungu, kisha za vifaa imara, na huko nyuma ndiko nyumba za udongo zikaruhusiwa.

Hapo ndipo historia ya mlango ilipo, kwa sababu mlango hufuata ukuta. Miimo mizito ya msaji, zile nguzo za pembeni mwa mlango, yataka ukuta wa mawe. Nyumba ya fito na udongo haiwezi kuibeba. Ndiyo maana Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ulizoea mlango mwepesi wa mbao, katikati kabisa ya uso wa nyumba, unaofungukia ukumbi wenye vyumba kulia na kushoto hadi uani. Mlango huo hauna nakshi, kwa hiyo pambo lake ni rangi. Uhindini ni habari nyingine: duka chini, makazi juu, na mara nyingi mwaka wa ujenzi umeandikwa juu kabisa ya ukuta. Ukimaliza kupiga mlango, inua simu.

Wapigapicha nao wana lao: “Jua kali hutoa rangi.” Jua kali huua rangi, hasa ya mafuta inayong'aa. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri huwa utosini; likiinama kidogo, kivuli cha paa la baraza huukata mlango vipande viwili. Tafuta mlango ulio kivulini huku ukuta mweupe wa ng'ambo ukiumulika. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa na uvute kwa lenzi. Ukisogea mno, miimo hulala kama imelewa. Na usikate kizingiti wala baraza kwenye picha. Ukivikata umebaki na ubao uliopakwa rangi.

Kuna na wanaodhani mlango wa kale ni mali yao ya kuuza wapendavyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautaja kwa jina: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa, na hautoki nchini bila kibali.

Mwisho, “barabara ni ya wote, ruhusa ya nini?” Barabara, sawa. Baraza ina wenyewe. Ilala nilishawahi kuinua simu kabla ya salamu, na bibi aliyekuwa akichambua mchele akajifunika uso kwa kanga. Nikashusha simu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Sasa piga. Lakini ngoja nitoe hizo ndoo.”

Nikamwomba aziache.