Redio haikuwa na mabuye

Jumamosi nilikuwa matangani kule Himbi. Bafle ya jirani ikapiga rumba moja ya zamani, na mzee aliyekaa kando yangu macho yakamlowa. Akanishika mkono: «Dokta, watu wanadanganya, hata picha zinadanganya. Wimbo haudanganyi.» Akanieleza siku aliyomwona mkewe kwa mara ya kwanza, mpaka maua ya kitenge chake. Nilinyamaza, maana matanga si mahali pa kubishana na mzee. Lakini kauli hiyo naisikia kila wiki katika chumba changu cha mashauri hapa Goma, na leo nimechoka nayo.

Mnaufanya wimbo kuwa kaseti: eti siku ile ilijirekodi pamoja na gitaa, na ukiupiga tu inarudi nzima, shangazi yumo, harufu ya samaki wa sambaza imo. Hapana jamani. Wimbo unaita tu. Anayeitika ni ubongo wako, na ubongo ni fundi wa viraka: anachukua kipande cha siku ile, anakishona na kipande cha mwaka juzi, anapiga pasi, anakukabidhi kama nguo mpya ya dukani.

Mambo ya maabara nayapitia mbio. Mwaka 2009 Petr Janata, kule California, aliwapigia vijana nyimbo za utoto na ujana wao wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Wimbo ulipogusa maisha ya mtu mwenyewe, sehemu ya katikati nyuma ya paji la uso ilichangamka zaidi. Na nyimbo zinazotunasa kabisa ni zile tulizozisikia kati ya miaka 10 na 30 hivi. Hayo hayana ugomvi. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka 2007 Janata huyohuyo na wenzake walikuta ni kama asilimia 30 tu ya nyimbo walizopiga ndizo zilizomletea mtu kumbukumbu yoyote. Nyingine zilipita kama pikipiki barabarani.

Sasa tufike panaponiuma. Watu wanadhani wimbo unamshika mtu kwa sababu ni mzuri, au kwa sababu wanaupenda sana. Wimbo unaoupenda miaka yote, unaoupiga jikoni, kwenye nganda (baa), ndani ya boti ya Bukavu, harusini na kwenye simu usiku, umefungwa kwenye mambo mia. Ukiita, wanaitika mia kwa pamoja na husikii hata mmoja. Unaomshika mtu barabara ni ule uliosikika sana kwa muda mfupi, na mtu yuleyule, kisha ukapotea. Hata ukiwa mbaya. Nina mteja anayelia kwa tangazo la sabuni.

Mama mmoja alifiwa na bwana wake. Ili asimpoteze, akaupiga wimbo wao kila jioni, mwaka mzima. Siku moja akaja kwangu ameshika simu: «Dokta, wimbo uko, lakini bwana hayuko tena ndani.» Nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema: jiko la makala, ukuta, na yeye mwenyewe amekaa peke yake. Jioni zile zote zilikuwa zimeingia ndani ya wimbo, zikamsukuma marehemu nje.

Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake, New York, walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ikiamshwa inalainika, na inahitaji kukazwa upya ili idumu. Kutoka kwa panya mpaka kwa yule mama ni kuruka mto mpana, na mimi nauruka kila siku kazini kana kwamba kuna daraja. Leo nilimshauri aupumzishe wimbo. Kesho mwingine nitamwambia ausikilize mpaka uchoke, kwa sababu wimbo wake unamrudisha kwenye risasi. Kuna waliopona. Kuna mmoja ambaye nilimpigia wimbo mapema mno, na mpaka leo najuta.

Na msidhani najitoa. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipotoka na moto wake ukaukata mji huu vipande viwili, nilikuwa na miaka 11. Tulikimbilia Gisenyi kwa miguu, yaya, ndugu yangu mkubwa, amebeba redio begani, na redio inaimba. Wimbo huo nikiusikia popote, naona majivu na shati lake. Kisa hiki nimekifundisha darasani kama mfano, mara nyingi, kwa kujiamini kabisa.

Miaka mitatu iliyopita nikamsimulia yaya mwenyewe. Akacheka mpaka akakaa chini. «Redio gani? Ile redio haikuwa na mabuye, hata betri moja, tangu Noeli. Na uliibeba wewe.»

Tukaenda kumuuliza mama. Mama akasema redio haikubebwa na mtu. Ilibaki chini ya kitanda, na nyumba ikaenda na moto.