Kwenye duka la vitabu vya mtumba, anza na vijitabu vyembamba

Mimi ni mkutubi hapa Mwanza, na sehemu ya kazi yangu ni kukagua vitabu vilivyotumika kabla maktaba za shule na watu binafsi hawajavinunua. Ninaoongozana nao dukani huniuliza swali lile lile: duka lina rafu mpaka darini na maboksi mpaka mlangoni, sasa tunaanzia wapi? Mimi huchuchumaa. Naanza na maboksi ya chini, yale ya vijitabu visivyo na mgongo.

Vitabu vinene vinajitangaza vyenyewe. Vingi vimeingia nchini kwa makontena kutoka Uingereza na Marekani, vikiwa na mihuri ya maktaba zilizoviondoa kwenye rafu zao: riwaya, uhasibu, uuguzi, kompyuta za zamani. Vipo vizuri sana humo, ila hivyo hivyo utavikuta Dar es Salaam na Nairobi. Kijitabu cha kurasa thelathini kilichobanwa kwa pini mbili hakina hata mahali pa kuandika jina ubavuni, kwa hiyo kikiingia katikati ya vinene hakionekani tena. Na maandishi mengi yaliyotungwa kwa ajili ya watu wa Kanda ya Ziwa yamo kwenye vijitabu vya namna hiyo.

Sababu yake inajulikana. Kuanzia 1968 mpaka 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na serikali pamoja na Unesco katika mikoa ya kandokando ya ziwa. Wazo lilikuwa mtu mzima ajifunze kusoma kupitia kazi anayoifanya kila siku. Ndiyo maana hapakuwa na kitabu kimoja cha wote. Mkulima wa pamba alikuwa na chake, wa migomba chake, mvuvi chake, mfugaji chake, na vingine vilihusu siasa na maarifa ya nyumbani. Baadaye, 1974, likaanza gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho ili waliokwisha kujua kusoma wasisahau. Ongeza hapo vijitabu vya dini, vikiwemo vya Inland Publishers wa hapa hapa Mwanza, na maelezo ya mabwana shamba kuhusu mbegu na dawa za pamba. Vitu hivi vilitumika mpaka vikachakaa. Vilivyobaki vilifungiwa kwenye masanduku ya wazee, na mzee akifariki, wajukuu huuza sanduku zima kwa kilo.

Kimoja nilichokiokota kwenye boksi la aina hiyo kilikuwa cha wavuvi. Jalada la mbele halipo. Nyuma, mwanafunzi amefanya hesabu kwa penseli, herufi kubwa kubwa, ameikandamiza penseli mpaka karatasi imefanya mfereji: sato, ningu, furu, na mbele ya kila jina idadi na senti. Sangara hayumo. Leo huwezi kuandika hesabu ya samaki wa Mwanza ukamwacha sangara, na ningu wamekuwa adimu. Ukurasa ule wa penseli una habari ambazo mwandishi wa kitabu hakuziweka, na kwangu una thamani kuliko jalada lililopotea. Kwa hiyo ukikuta maandishi ya mwenye kitabu, usiyafute, hata kama muuzaji ameshika kifutio tayari akidhani anakusaidia.

Vijitabu vingi havina mwaka wa kuchapwa, au ukurasa wenye mwaka umechanika. Hapo tunasoma mihuri na majina ya mahali. Neno Tanganyika peke yake, bila Tanzania, kwa kawaida linakurudisha 1964 au nyuma zaidi. Muhuri wa Lake Province ni wa kabla ya majimbo kugawanywa kuwa mikoa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukiona Ziwa Magharibi, ujue ni kabla ya mkoa huo kuitwa Kagera mwaka 1979. Geita ikiandikwa kuwa ni wilaya ya Mkoa wa Mwanza, basi ni kabla ya 2012. Mchapishaji naye husaidia: East African Literature Bureau ilianza 1948 na ikafa pamoja na Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki mwaka 1977, hivyo nakala yenye jina hilo haijachapwa baada ya hapo. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, ya tarakimu 13 ilianza kutumika rasmi 2007; kabla yake zilikuwa 10, na zile zinazoanza na 9976 au 9987 ni za Tanzania. Ila angalia: muhuri hueleza lini kitabu kilikuwa mikononi mwa mtu, wala si lini kilichapwa. Shule huweza kugonga muhuri kitabu kilichokaa stoo miaka kumi.

Muhuri wa maktaba inayoendelea kufanya kazi, usio na alama ya kuonyesha kitabu kimeondolewa, ni jambo jingine. Mimi hukiweka pembeni na kuiuliza maktaba yenyewe kwanza. Sinunui.

Kwa riwaya, lipo jambo moja la kwetu ambalo msomaji wa Mwanza anapaswa kulijua. Riwaya kubwa ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe na kuimaliza 1945, ilitolewa kwa Kiswahili na Tanzania Publishing House mwaka 1980 ikiwa juzuu mbili. Juzuu hizo zimetengana miaka mingi. Ukikutana na moja, ichukue bila kusubiri ya pili.

Sasa hali ya kitabu. Hewa ya ziwa ina unyevu, na adui wa kwanza wa kijitabu ni zile pini zake. Zinashika kutu, kutu inakula karatasi kuzunguka tundu, na siku moja kurasa za katikati zinabaki mkononi. Usizivute. Fungua katikati, inua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu mpaka isimame wima, kisha geuza kijitabu na uitoe kwa upande wa nje wa mkunjo. Shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yale yale, bila kukaza sana. Tepu ya plastiki yenye gundi sitaki kuiona karibu na karatasi ya zamani: inageuka kahawia na kuacha doa lisilotoka.

Harufu nayo uipime dukani. Harufu ya karatasi ya zamani haina neno. Ya ukungu mbichi inakaba koo, na kitabu hicho kikiingia kwenye rafu yako kitaambukiza jirani zake. Kipige kidogo juu ya karatasi nyeupe: ukiona unga au vijidudu vinakimbia, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, ukikaze, ukiweke kwenye friza kali wiki mbili, kisha ukiache kiyeyuke ndani ya mfuko huo huo kabla ya kukifungua. Njia za vumbi za mchwa zikiwa bado na unyevu, muonye muuzaji, maana tatizo limeshahamia kwenye rafu yake.

Bei ya vijitabu hivi kwa kawaida ni ndogo, na sioni haki kuishusha zaidi. Mlipe muuzaji, halafu muulize boksi lilitoka kijiji gani na kama mengine ya nyumba hiyo yapo. Liandike jibu kwa penseli kwenye kipande cha karatasi, pamoja na tarehe, ukiingize ndani ya jalada. Mwombe pia akupigie simu likija boksi jingine kabla hajalichambua, kwa sababu akishalichambua, vyembamba huwa ndivyo vya kwanza kufungiwa maandazi.