Je, wajua kwa nini mtoto aliyepaliwa na ubuyu hapewi maji?

Kwa sababu maji hayafiki kwenye kokwa. Chakula na maji hupita kwenye umio. Kokwa iliyompalia mtoto imeingia koo la pumzi, ambalo liko mbele ya umio. Bibi atasema apewe maji au tonge la wali limshushie, lakini tonge halina njia ya kuisukuma kokwa hiyo. Maji nayo yakipotea njia yakaingia huko huko, huziba hata ule upenyo mdogo uliobaki.

Na upenyo wenyewe ni mdogo kweli. Koo la pumzi la mtoto mchanga lina upana wa milimita 4 hivi. Isitoshe, magego ya mwanzo hutoka mtoto akishatimiza mwaka, na yanayofuata husubiri hadi miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo anamega vizuri kwa meno ya mbele lakini hana cha kusagia. Mpe ubuyu mwekundu wa dukani: anafyonza sukari na unga, inabaki kokwa ngumu mdomoni, na papo hapo anacheka au anakimbizana na wenzake. Shokishoki naliogopa zaidi. Nyama yake inateleza, imeng'ang'ania kokwa, na likiwa zima linatosha kuliziba koo lote. Mtoto wa chini ya miaka mitano amenyiwe, nyama itolewe kwenye kokwa na ikatwe vipande vidogo.

Akishapaliwa, sikiliza kwanza. Anayekohoa kwa nguvu, anayelia au kusema, bado anapitisha hewa. Mwache akohoe, mhimize, usimwache peke yake. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Usimtie kidole kupapasa kitu usichokiona, maana mara nyingi utakisukuma ndani zaidi.

Kimya ndicho cha kutisha: mdomo wazi, sauti hakuna, midomo inageuka rangi. Hapo usingoje.

Aliyezidi mwaka mmoja, mwinamishe mbele, umpige mapigo 5 ya nguvu baina ya makombe ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Angalia kila pigo kama kitu kimetoka. Kikigoma, piga magoti nyuma yake, kunja ngumi uiweke juu ya kitovu, chini ya chembe cha moyo, ishike kwa mkono wa pili, kisha vuta ndani na juu kwa ghafla, mara 5. Endelea kupokezanisha, mgongo 5, tumbo 5. Mvuto huo hufanya kazi kwa sababu mapafu hayamaliziki hewa hata mtu akipumua nje kabisa. Ukibana tumbo, kiwambo, yaani msuli uliotenga kifua na tumbo, kinapanda na hewa iliyobaki inakirusha kitu kama kizibo cha chupa. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Henry Heimlich, ndiye aliyeieleza mbinu hii mwaka 1974.

Wa chini ya mwaka habanwi tumbo; ini lake ni kubwa na mbavu hazilikingi vya kutosha. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, taya umeishika bila kulibana koo. Mapigo 5 mgongoni, kisha mgeuze chali, umkandamize mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu.

Akizimia, mlaze chini pagumu, kandamiza kifua mara 30, tazama mdomoni, toa kile unachokiona tu, mpulizie pumzi 2, rudia. Mwengine atafute gari. Ubongo huanza kuumia baada ya dakika chache tu bila hewa, kama 4 hivi, na huku Pemba, kutoka kijiji cha Makangale hadi hospitali ya Wete, dakika hizo hazitoshi hata kidogo. Aliye karibu ndiye daktari wa mwanzo.

Mtoto aliyebanwa tumbo apelekwe akachunguzwe hata akiwa anacheza. Na ukimsikia siku za baadaye anakohoa bila mafua au kifua kinalia upande mmoja, huenda kokwa imeteremka pafuni, aghalabu la kulia, ambako njia yake imenyooka zaidi. Kokwa za matunda kwa kawaida hazionekani kwenye eksirei, kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba alipaliwa, na alikuwa anakula nini.